Mvua Iliyoingia Kwenye Friza

Wifi yangu akiingia nyumbani kwa mtu hatazami makochi wala mapazia. Anatazama uani. Siku kaka yangu alipomleta kumtambulisha, sisi tumejipamba, mama kavaa gauni lake la kutokea, mgeni wetu kasimama mlangoni anakodolea macho pipa lililokuwa chini ya mfereji wa bati. Nikamnong'oneza mama, "Huyu kaja kuolewa na pipa." Mama akanifinya. Baadaye tukaelewa kwamba ndiyo kazi yake, na kazi hiyo ndiyo iliyompa jina la Mama Ndoo, ambalo mtaani wanamwita mpaka leo na yeye anaitika.

Kazi yenyewe nitaieleza kama alivyonieleza mimi, fundi cherehani nisiyejua hesabu zaidi ya za futi kamba. Anayejenga bwawa lazima ajue mvua kubwa kuliko zote inayoweza kunyesha pale. Si ile ya mwaka jana, ni ile ambayo bado hakuna aliyeiona. Basi wataalamu huchukua mvua mbaya kuliko zote zilizowahi kupimwa ukanda huo, wakaihamisha kwenye ramani, wakaitua juu ya mabonde yanayolisha bwawa, kisha wakaongeza unyevu ambao hewa ingeweza kubeba siku ikiamua kubeba. Jibu linalotoka ndilo linaloamua upana wa utoro wa maji, yaani ile njia ya pembeni ambayo maji ya ziada hupitia ili yasiruke juu ya tuta. "Wewe ukishona nguo ya mtoto unaacha pindo," aliniambia siku moja kwenye kibanda changu, "akikua unafumua. Bwawa halina pindo, wifi. Ukilibana, limebana."

Shida ni kuipata hiyo mvua mbaya ikiwa imepimwa. Vipimo vya mvua viko vichache, kimoja huku kingine kule nyuma ya kilima, na mvua ya namna hiyo haina adabu ya kwenda kunyeshea kwenye kipimo. Kwa hiyo ikishapita, Mama Ndoo na wenzake huzunguka nyumba kwa nyumba wakitafuta vyombo vilivyoachwa nje: ndoo, sufuria, karai, toroli, beseni la kuogeshea mtoto. Wanapima kina cha maji. Kila chombo ni shahidi, na kama mashahidi wengine, wapo waongo. Kilichokaa chini ya bati kimekunywa na maji ya paa. Kilichotanuka mdomo kina uongo wake wa kuzaliwa. Kilichojaa kikamwagika hakisemi lolote zaidi ya kwamba kilijaa.

Na kubwa kuliko yote, je, chombo kilikuwa kitupu kabla ya mvua? Hapo wifi yangu alikuwa na njia yake, na wenzake wote walijifunza kwake. Huulizi. "Ukimuuliza mtu kama ndoo yake ilikuwa tupu, atakupa jibu analodhani unalitaka, ili uondoke apike," alikuwa akisema. Yeye anaomba kigoda, anapokea kazi iliyopo, kama ni kuchambua mboga anachambua, halafu anauliza swali moja tu: mvua ilipoanza, uliokoa nini kwanza? Hakuna mtu asiye na hadithi hapo. Na ndani ya hadithi hiyo ndoo itapita, imebeba kitu au haikubeba, na mwenyewe hatajua kwamba ametoa ushahidi. Masharti mengine yalikuwa mawili. Usiwaambie watu vipimo ni vya nini mpaka umemaliza. Na usichukue ushahidi kwa ndugu yako.

Mvua ninayoisimulia ilianza mchana, watu wako makazini, ikapiga mpaka alfajiri. Mimi ilinikuta kibandani, nikapandisha vitambaa vya wateja juu ya meza, na meza nikaipandisha juu ya matofali. Asubuhi barabara ilikuwa imehama. Kuta mbili tatu zilikuwa zimelala. Kipimo cha kituo cha hali ya hewa, kile cha kwenye uzio, kilijaa kikamwagika, na msimamizi wake alikuwa amekaa pembeni yake kama mtu aliyefiwa.

Bwawa wakati huo lilikuwa bado kwenye karatasi, katika korongo lililo juu ya mji. Pembeni ya korongo hilo kuna kamgongo ka ardhi, na juu ya kamgongo hako zimepangana nyumba, na ya tatu ilikuwa ya mama yangu. Aliijenga mwenyewe baada ya baba kufariki, chumba kwa chumba, kwa mshahara wa mpishi wa hospitali. Ukiitazama unamwona alivyohangaika: matofali ya chumba cha kwanza si ya chumba cha pili, na hakuna milango miwili iliyofanana. Mlango wa choo ulikuwa wa ofisi fulani, na bado una kibao kilichoandikwa "Subiri uitwe". Tumekulia humo, na tulisubiri tuitwe kweli.

Uani kwake kulikuwa na friza, zile kubwa za kufungua kwa juu. Ilikufa injini zamani, kifuniko kikatoka, mama akaifanya ghala la mahindi. Wiki ile ya mvua wadudu walikuwa wameingia, basi akaomba majirani wamtolee nje, akaiweka katikati ya uwanja juu ya matofali, mbali na paa, aioshe na kuianika.

Mama Ndoo alifika asubuhi ile ile na rula yake ndefu ya chuma. Nilikuwepo. Vyombo vyote vya mtaa vilikuwa vimejaa vikamwagika, havina la kusema, na alikuwa amechoka, matope mpaka magotini. Akaiona friza. Kuta zake zimesimama wima, kina chake kinamfika mtu mapajani, haijafurika. Akaizamisha rula, akaitoa, akaitazama. Akaizamisha kona nyingine. Akanawa uso kwa maji yale, akajifuta kwa mkono, akasema tu, "Wifi, hii ni zaidi ya nusu mita." Mama alikuwa kwa jirani akisaidia kuokota vitu. Wifi hakumngoja. Mkwe ni ndugu, na sharti ni sharti. Alisema mwenzake atakuja kesho kuzungumza na mama.

Ingeishia hapo kama kaka yangu angekuwa na mlango mdomoni. Jioni hiyo alikuja kula kwa mama, na katikati ya tonge akatoa yote aliyoyasikia kwa mkewe. Kwamba bwawa lilikuwa limepigiwa hesabu kwa mvua ndogo zaidi. Kwamba kwa hesabu hiyo utoro wa maji ni mwembamba na unapita kwenye mawe, haumgusi mtu. Kwamba maji ya kwenye friza yakikubaliwa kuwa ni mvua tupu, utoro lazima upanuliwe, na hauna pa kupanukia ila juu ya kamgongo.

"Juu ya kamgongo wapi?" mama akauliza.

Kaka akatazama sahani yake.

"Wapi, mwanangu?"

"Hapa, Mama."

Mama aliinuka. Alikusanya vyombo, akavibeba mwenyewe, na sisi tukabaki tunatazamana. Nilimwambia kaka maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Kesho yake akaja mpima ardhi wao, mzee mfupi mpole waliyemwita Kamba. Akakaa, akapewa chai, akauliza uliokoa nini kwanza. Lakini mama tayari alikuwa amejiandaa. "Mimi nilikuwa nimeroweka mablanketi kwenye friza," akasema kabla hajamaliza kuulizwa. "Maji yalikuwa yamefika hapa." Akaweka kiganja ukutani mwa friza, juu kidogo ya nusu ya pale maji yalipoishia. Kamba akapima pale kiganja kilipokuwa. Ukitoa maji hayo, friza inakuwa shahidi wa kawaida tu, mvua kubwa lakini si ya kubadilisha ramani ya mtu. Kamba akashukuru, akaondoka. Mimi nikamkumbatia mama. Mwili wake ulikuwa mgumu.

Siku zilizofuata nyumba ya kaka ilikuwa haiingiliki. Wifi hakugomba, na afadhali angegomba. Alikuwa anatoka kazini, anapika, anakagua kazi za shule za watoto, analala. Kaka kabanwa, huku mama huku mke, anapita kando ya kuta kama mpangaji. Nikaona isiwe tabu, nikamwita wifi kibandani kwangu, nikafunga nusu mlango.

"Sema lililo moyoni," nikamwambia.

Alikaa kwenye stuli ya wateja. "Maji yale niliyanawa uso, wifi. Yalikuwa meupe. Hayana povu, hayana manyoya ya blanketi."

"Umemwambia nani?"

"Bado sijamwambia mtu."

"Basi usimwambie. Maji ya mvua yameingia, yamesafisha. Wewe ulikuwepo mama anaroweka? Hukuwepo. Imeshaandikwa, imekwisha."

"Haijaisha. Wiki hii Mhandisi wa bwawa anafunga hesabu. Kama hakuna la kuongeza, ushahidi wa friza unatupwa na utoro unabaki ule ule mwembamba."

"Na nyumba ya mama inabaki."

"Na nyumba ya mama inabaki," akakubali.

Hasira zikanipanda. Nilimwambia kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwambia mama alimpokea, akamuuguza uzazi wa kwanza, akambebea watoto mgongoni ili yeye aende kuhesabu ndoo za watu. Nilimwambia mvua kama ile hairudi tena.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema taratibu, "Wewe unafikiri tuta la udongo linavunjika kama chungu, pwaa, basi. Halivunjiki. Maji yakiruka juu yake yanalila. Yanaanza kamfereji kadogo, unaweza ukakaruka. Unasimama unatazama, huna cha kuzibia. Baadaye hakuna tuta." Akainuka. "Nilipelekwa kuliona moja lililoliwa. Sitaki kukusimulia."

Alitoka bila kuaga. Nilivunja sindano mbili mchana ule.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa mama mapema. Sikuwa na shughuli huko. Nilikwenda kulinda, niseme ukweli, maana nilikuwa na wasiwasi. Nikamkuta mama kakaa kivulini anachambua maharage kwenye ungo. Friza ilikuwa pale pale, maji yamemwagwa, imepigwa jua. Na haikupita muda lango likalia, wifi akaingia, hana rula, hana mkoba wa kazi. Kavaa nguo za nyumbani.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, mkwe wangu." Mama hakumtazama.

Wifi akavuta kigoda. Akanyoosha mkono, akachota maharage kwenye ungo, akaanza kuchambua.

Nilijua. Nilikuwa nimemsikia akisimulia njia hiyo miaka nenda rudi, tukicheka, jinsi wazee wagumu walivyomwaga kila kitu huku wakimenya viazi. Lakini mama alilikatiza swali la Kamba, na njia yenyewe hakuwahi kuisikia, kwa sababu wifi hakuwahi kumsimulia mkwe wake mambo ya kazi. Nikasogea karibu. Walizungumza habari za watoto, mdogo kang'oka jino. Walizungumza juu ya bei ya mkaa. Halafu wifi akasema, sauti ile ile, macho kwenye maharage, "Vifaranga wako walipona, Mama? Mvua ile ilipoanza uliokoa nini kwanza?"

"Mama, nadhani kuna mtu getini," nikasema.

"Hakuna mtu," mama akasema. Mama yangu ana udhaifu mmoja: hadithi ya taabu yake mwenyewe haiachi ipite. Uso wake ulishafunguka. "Weee. Nilianza na nguo za kwenye kamba. Zote nikazibwaga ndani. Nikatoka nikavuta gunia la mkaa, zito limekwishalowa chini, nalivuta linanivuta."

"Mama, maharage yana mawe," nikasema.

"Nayaona. Basi nimefika mlangoni nasikia vifaranga wanalia. Bandani! Nikatazama, kumbe maji yanatoka kwenye lile tundu la chini la friza, mchirizi unakwenda moja kwa moja mpaka bandani, wadogo wameshaanza kuelea. Nikavua kitambaa cha kichwa, nikakisokomeza tunduni, nikaziba, nika..."

Akamtazama mkwe wake.

Maji yakimwagika hayazoleki. Friza aina ile ina tundu chini la kutolea maji, kizibo chake kilipotea zamani. Kama mvua ilipoanza maji yalikuwa yanatoka tunduni, basi tundu lilikuwa wazi. Na kama tundu lilikuwa wazi, hakuna blanketi lililoroweka humo wala kikombe cha maji. Ilikuwa tupu, imeanikwa, kama nyumba nzima ilivyojua. Siku ile ya kwanza sote tuliona kitambaa tunduni tukadhani ndipo kinapokaa siku zote.

Mama aliweka ungo chini polepole. "Ulikuja kunitega," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Kwenye kigoda changu."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe. Sikuwa na njia nyingine, na sikutaka niende kusema kisogoni kwako." Nilitaka kumvuta wifi nywele na nilitaka kumshika mkono, yote kwa pamoja.

"Nikikana?"

"Ukikana, sina la kufanya. Litakuwa neno lako na langu, na mimi ni mkweo. Hawatanisikiliza, na wana haki."

"Basi nitakana," mama akasema.

Wifi akaitikia kwa kichwa. Hakuondoka. Akachukua ungo, akaendelea kuchambua, jiwe huku, harage huku. Sijawahi kusikia maharage yakipiga kelele namna ile.

Baada ya muda mama akauliza, kama anayeuliza habari za watu wengine, "Huo utoro ukiwa mwembamba. Mvua ile ile ikinyeshea upande wa bwawa. Inakuwaje?"

"Maji yanaruka juu ya tuta."

"Halafu?"

"Halafu linaliwa. Yanashuka na korongo mpaka mjini."

"Mjini wapi?"

Nikaona wifi anatafuta mahali pa kutaja ambapo hapataumiza, akakosa. "Soko linakwenda. Stendi. Na hospitali ya zamani, ile sehemu ya chini."

Sehemu ya chini ya hospitali, karibu kabisa na mto, ni jiko, na pembeni ya jiko ni wodi ya wazazi. Mama alipika pale maisha yake yote ya kazi. Alikuwa anawapelekea uji kitandani wale waliopasuliwa, wasioweza kuinuka, anawanywesha kijiko kwa kijiko, na akirudi nyumbani anatutajia: leo yupo mmoja ana mapacha, leo yupo mmoja hana wa kumletea nguo. Sisi tulikuwa tunawaonea wivu wale wanawake.

"Hawawezi kukimbia wale," mama akasema.

Aliinuka, akaenda mpaka kwenye friza, akasimama amelipa jua mgongo. Alishika ukingo wake kwa mikono miwili. Nilimsogelea nikamwambia, "Mama, si lazima." Ndivyo nilivyosema, na nilikuwa namaanisha.

Hakunitazama. Alimtazama mkwe wake. "Andika," akasema. "Lakini kama unaandika, andika yote. Yale yaliyotoka tunduni kabla sijaziba, hayo nayo ni mvua."

Wifi alikuwa ameshalifikiria hilo. Niliona usoni kwake. Alikuwa amelifikiria tangu neno la kwanza la tundu, na hakuwa na moyo wa kulitaja. Alijifunika uso kwa kiganja, akalia kidogo, akajifuta.

Mhandisi alikuja mwenyewe, pamoja na Kamba. Ni mtu mrefu mwenye mgongo mbovu, hakai kwenye kiti, anazungumza na watu amesimama. Wifi alimweleza kila kitu mbele ya mama: blanketi, tundu, kitambaa, na kwamba shahidi ni mkwe wake. Kamba aliinamisha kichwa, lakini Mhandisi alisema hamlaumu mtu. Akasema, "Watu hudanganya ili nyumba ibaki. Anayekuja kubadilisha neno ili ibomolewe, huyo sina la kumuuliza juu ya ukweli. Nina la kumuuliza juu ya muda."

Maana sasa jambo lilikuwa hili. Tundu likiwa wazi, kila tone lililoingia lilitoka. Kwa hiyo walihitaji kujua mama alichukua muda gani tangu tone la kwanza mpaka kuziba, na mwanzo ndipo mvua ilipopiga kwa nguvu kuliko kote. Mama hana saa. Wifi akasema hajali saa, Mama afanye tu alivyofanya siku ile, kazi moja baada ya nyingine, na Kamba ashike saa.

Tukamwandalia. Nikatundika nguo kwenye kamba. Kaka akaliweka gunia la mkaa pale lilipokuwa. Vifaranga wenyewe walikuwa bandani, hawana habari. Wifi akachomoa kitambaa tunduni, akakikunja, akampa mama akifunge kichwani.

"Bibi," Mhandisi akasema, "ni lazima nikwambie kabla hujaanza. Muda ukiwa mfupi, mvua inakuwa ndogo. Pengine tunaweza kupitisha utoro bila kugusa nyumba yako, kwa kubanabana. Muda ukiwa mrefu, hakuna namna. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Kwa hiyo sote tulijua. Kaka alijua, mimi nilijua. Moyoni nilimwombea akimbie.

"Mvua hiyo," wifi akasema.

Mama akaingia kazini. Alitoa nguo, moja moja, akibana vibanio mdomoni kama kawaida yake, hakuvirusha. Nikasema moyoni, siku ile ulivirusha, Mama, ulisema ulizibwaga. Lakini alizibwaga mlangoni, ni kweli, na vibanio alivitema mfukoni. Akalikamata gunia la mkaa. Kaka alitaka kumsaidia, wifi akamzuia kwa mkono. Mama alilivuta, akapumzika, akalivuta. Hakulegea na hakuharakisha. Nimemwona mwanamke huyu akikimbia na kakangu mgonjwa mgongoni, najua mbio zake, na najua mwendo wake. Ule ulikuwa mwendo wake.

Alifika bandani. Akasikiliza. Akageukia friza, mkono ukaenda kichwani, akashika fundo la kitambaa. Saa ya Kamba ilikuwa inasikika, au nadhani nilikuwa nasikia moyo wangu. Mhandisi alikuwa ameinama kidogo, mgongo au si mgongo, na nilisoma usoni kwake kwamba bado, bado muda ulikuwa upande wetu. Fungua, Mama. Fungua uzibe.

Mama akashusha mkono.

"Hapana," akasema. "Hapa nilirudi kuchukua jembe. Lilikuwa limeegemea ukuta wa nyuma, na juzi nilisahau kulitaja."

Akageuka. Akazunguka nyumba yote, akipita chumba cha kwanza na matofali yake, cha pili na matofali yake, akapita mlango wa choo na kibao chake. Akapotelea nyuma. Tulikaa tunamngoja. Kaka alikuwa anatazama ardhi. Mama alitokea upande wa pili, jembe begani, hatua zile zile, na kila hatua ilikuwa inaing'oa nyumba ile tofali kwa tofali, naye anajua.

"Mama," wifi akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi mbele ya wakubwa zake. "Mama, inatosha. Tumeshapata."

"Haijatosha," mama akasema. "Bado sijaziba."

Akaliweka jembe ndani ya mlango, pale pale linapokaa. Akarudi kwenye friza, akapiga magoti, akavua kitambaa, akakisokomeza tunduni kwa kidole gumba mpaka kikaingia chote. Ndipo akamgeukia Kamba.

"Sasa simamisha saa yako."

Vigingi vyekundu vilipigwa kabla mwezi haujaisha. Siku ya kuhama, gari limeshafika, nilisimama katikati ya vyumba vile visivyofanana nikamuuliza mama tuanze kutoa nini kwanza. Akasema niache maswali ya wifi yangu, nishike upande wa pili wa friza.